Koki ya Tata Imeacha Povu

Kagoma, Jumapili, Desemba 1968

Asubuhi jua lilikuwa kali, mchana ikanyesha, na sasa ukungu umelala juu ya migomba. Mikono yangu inanuka lubisi, pombe yetu ya ndizi, ingawa sijaonja hata tone. Leo nimetengeneza kitu kilichokuwa na kasoro, nikakitengeneza vizuri kabisa, na kwa kufanya hivyo nimemwangamiza Tata, baba yangu.

Nianze na pipa.

Zamani Tata alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja kule Bukoba, mjini. Uhuru ulipokuja yule Mzungu akafungasha, akamwachia Tata pipa dogo la mbao lenye koki ya shaba, alilokuwa akitilia bia yake nyumbani. Tata akalileta Kagoma juu ya basi. Tangu hapo lubisi ya kwetu haimiminwi kutoka kwenye kibuyu kama ya wengine, inatoka kwenye koki. Wageni walikuwa wakimtania, "Ta Klementi, siku hizi umefungua baa?" Naye alifurahi. Kila Jumamosi huisugua koki kwa majivu na limau mpaka ing'ae.

Lakini koki ile ina tabia moja. Kikombe cha kwanza hutoka povu tupu. Tata hukimwaga kwenye shina la mgomba, halafu anajaza cha pili, na hicho ndicho anachoonja mbele ya wageni.

Kwetu mwenye pombe hunywa kwanza. Kila mtoto anajua sababu na hakuna anayeitaja: ili wageni waone kwamba haina kitu ndani. Miaka yote hii hakuna aliyejali kwamba Tata huonja kikombe cha pili.

Mpaka Ta Anselmi alipokufa.

Alikuwa jirani yetu na rafiki wa Tata. Tangu nikiwa mdogo namkumbuka akitembea amejishika tumbo, akilalamika kwamba linamla. Mwezi uliopita alikunywa kwetu, akaondoka akiimba. Kabla ya wiki kwisha alitapika damu, akafa wakati wanamfunga kwenye machela kumpeleka hospitali. Mimi nilikuwa shuleni Bukoba. Niliporudi likizo nikakuta Kagoma nzima imekikumbuka kikombe cha kwanza.

Hakuna aliyemshtaki Tata. Afadhali wangemshtaki. Jumatatu iliyopita nilimpelekea uji kwenye shamba la ujamaa. Watu walikuwa wamejipanga mstari mmoja wakilima, bega kwa bega, ila kila upande wa Tata palikuwa na nafasi ambayo mtu mzima angeweza kulala. Ta Deo, mdogo wake marehemu, alimwambia asogeze jembe. "Ndugu Klementi," alimwita. Zamani alikuwa akimwita "waitu", yaani mtu wetu. Sikujua kwamba neno ndugu linaweza kuwa baridi namna ile.

Leo ilikuwa siku ya kuanua matanga ya Ta Anselmi. Kila jirani hupeleka pombe, na watu wote huona ya nani imenyweka na ya nani imebaki. Mawe, mama yangu, alimsihi Tata apeleke kibuyu, aliache pipa nyumbani.

"Nikiliacha leo," Tata alisema, "nitakuwa nimekubali."

Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Hata darasani, mwalimu akiniuliza jambo ninalolijua, sauti hunikwama. Lakini kusoma naweza. Nilikumbuka kitabu chetu cha sayansi: maji yakipata joto huiachia hewa iliyomo ndani yake, yakiwa baridi huishika. Asubuhi nikaenda kulishika pipa. Mbao zilikuwa baridi. Koki ilikuwa ya moto kwa jua.

Basi ndiyo sababu. Ile lubisi kidogo inayolala ndani ya koki hupata joto, na ikitoka inaiachia hewa yake yote. Tena Tata hufungua koki polepole, kwa heshima, kama mtu anayefungua mlango wa kanisa ibada ikiwa imeanza. Pombe inapita kwa kubanwa na kuchafuka zaidi.

Nikateka maji ya chemchemi. Nikalowesha maganda mabichi ya shina la mgomba, nikaizungushia koki, nikayabadilisha kila yalipopata joto. Tata alipokuwa akilifunga pipa kwenye baiskeli nikamwambia, "Tata, usifungue kidogo kidogo. Fungua yote mara moja, na kikombe ukiinamishe."

"Nani kakufundisha?"

"Kitabu."

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nirudi. "Haya, mwalimu."

Uani kwa Ta Anselmi nyasi mpya zilikuwa zimetandikwa. Wanaume walikaa upande mmoja, sisi wanawake upande mwingine. Tata akayatoa yale maganda, akapiga magoti, akafungua koki yote kwa mara moja. Lubisi ikatoka kimya, ya kahawia, bila povu ila utepe mwembamba kama uzi juu yake. Akakiinua kikombe hicho cha kwanza ili wote wakione. Akakinywa chote. Akakigeuza, na hakikudondosha kitu.

Nilifurahi mpaka nikaona aibu, kwa kuwa tulikuwa msibani.

Kisha Ta Deo akasema, wala hakupaza sauti, "Kumbe inaweza kutoka bila povu."

Akaionyesha koki kwa kidole.

"Miaka yote tunaambiwa ndiyo tabia ya koki. Leo kaka yangu yuko kaburini, koki imeacha tabia." Akawatazama watu, halafu akamtazama Tata. "Ndugu Klementi, tufundishe. Lile povu ulilokuwa ukimwaga lilikuwa na nini?"

"Tuulize mgomba," mtu mmoja nyuma akasema, na wawili watatu wakacheka kwa pua.

Tata aliitazama koki. Angewaambia nini? Hewa?

Mzee aliyekaa karibu na pipa akakilaza kikombe chake kifudifudi kwenye nyasi. Wa pili naye akakilaza. Vikaendelea hivyo mpaka mwisho wa mstari, bila mtu kumwangalia mwenzake. Ma Paulina, mjane wa Ta Anselmi, alikuwa amekishika chake. Nilimwona akikisogeza mbele kidogo. Ndiye aliyeishi na lile tumbo miaka yote, analijua kuliko sisi sote. Akakutana na macho ya shemeji yake, akakirudisha mapajani na kukifunika kwa kiganja.

Jibu nilikuwa nalo mimi. Lilikuwa limepangika kichwani, sentensi baada ya sentensi. Niliinuka mpaka nikasimama nusu.

Tata akanitazama na kutikisa kichwa, mara moja tu.

Nimelifikiri hilo tangu mchana. Angeweza kujiokoa kwa kusema, "Binti yangu ndiye aliyeipoza koki." Hakusema. Alijua kwamba kabla ya jua kuzama ingekuwa binti ndiye aliyeligusa pipa, na nafasi ile ya shambani ingenifuata mimi mpaka shuleni na popote nitakapoolewa.

Nikakaa. Sijui kama nilimtii au niliogopa. Nataka sana kuamini kwamba nilimtii.

Mvua ilitukuta njiani. Pipa lilirudi zito kama lilivyokwenda, Tata akisukuma baiskeli, Mawe na mimi tukilishika pande mbili lisianguke. Tulipofika, Mawe aliingia ndani na hakuwasha moto.

Tata alilishusha pipa barazani, akakaa kando yake na nguo zake zilizolowa. Kisha akaniita.

"Koku, hebu nieleze tena habari ya hewa."

Nikamweleza. Sauti haikunikwama. Aliuliza kwa nini chupa ya soda ikiachwa juani hufoka, nikasema ni jambo lile lile. Aliuliza kama Mzungu wake alilijua hili, nikasema labda alikuwa na barafu. Akaniambia niizungushie koki maganda tena. Tukangoja. Akafungua yote kwa mara moja.

Ikatoka safi. Akaitazama, akaimwaga kwenye mgomba, akajaza kingine.

"Safi," alisema. Akamwaga hicho pia.

Tulifanya hivyo mpaka giza likaanza kuingia, kikombe baada ya kikombe, vyote safi, na hakuna aliyekuja. Mwishowe akaifunga koki na kuifuta kwa kanzu yake.

"Usiache kusoma kwa sababu ya leo," akasema, akaingia ndani.

Kesho ni Jumatatu, siku ya shamba la ujamaa. Watoto wa shule walio likizo hawalazimishwi kwenda. Nitachukua jembe la Mawe na nitasimama mkono wa kulia wa Tata, karibu kiasi cha kugusana viwiko, na akitoa kibuyu chake cha maji nitakunywa mimi, mbele ya Ta Deo na mstari wote.

Mkono wake wa kushoto sina mtu wa kumweka.