Mwenyewe Iko Njiani

Mjukuu wangu Clarisse,

Huku Likasi tuko wazima, na mdogo wako ameanza kutembea. Umeniuliza kama ni kweli nchi mbili zikikosana, balozi akarudi kwao, nchi ya tatu inamshikia nyumba. Ni kweli. Mimi nilikuwa nchi hiyo, nikiwa msichana mwenye haya.

Miaka ile ya tisini, watu wa mkoa wa Kasai walipofukuzwa huku, jirani yetu Mama Ngalula, mmoja wao, alinipa ufunguo wa nyumba yake akienda kupanda treni.

"Weye wa haya, sasa utasema! Wakitaka kuingia, uwaambie mwenyewe iko njiani."

Niliwaambia wakubwa kwa Kifaransa, majirani kwa Kiswahili. Mwishowe nyumba waliichukua. Lakini nilikuwa nimeyasema maneno yale mpaka nikayaamini, na hata leo treni ikipiga honi, ninatoka kuangalia.

Ni mimi kambo, bibi yako, Odette