Meno ya mjukuu nimeyatangazia mtaa mzima

Mshauri wangu mpenzi, niokoe maana mdomo umeniponza, mimi ni fundi cherehani, shule niliishia darasa la tatu lakini habari za mtaa huu zote ninazo, sasa binti yangu ana mtoto wa kiume wa miaka minne, meno anayo matano tu tena yamechongoka kama misumari, nywele za kuhesabu, na jua likiwaka kidogo mwili unachemka kama pasi kwa sababu hatoki jasho hata tone, basi mimi nikawaambia wateja meno hayo ni ya ukoo wa baba yake, bibi yake wa huko akasikia, akanijia dukani, "Mama wee, kwetu tunatafuna mifupa mpaka uzeeni, hayo meno yatafute kwenu!" nikamjibu, "Nyie mkicheka tu watoto wanakimbia," wateja mbavu hawana, kumbe wiki hiyohiyo daktari wa meno kampiga mtoto picha ya taya, kakuta meno mengine hayamo hata ndani ya fizi, kasema huenda ni ugonjwa wa nadra wa kuzaliwa nao, unatembea kwenye damu ya ukoo, na kwa mtoto wa kiume mara nyingi unatokea kwa mama, kwa hiyo Alhamisi ukoo wetu wote twende akatuangalie vinywa, na yule bibi atakuwepo, ndiye anayeshinda na mtoto mchana, sasa siri yangu, meno yangu manne ya mbele ni ya kubandika, ya kwangu hayajawahi kuota, mume wangu nilimwambia nilipigwa teke na punda, miaka ishirini na sita anamlaani punda huyo, je, Alhamisi nikisema naumwa tumbo nitakosea?

Fundi Cherehani

JIBU

Mama, nimecheka mpaka chai imenipalia. Sasa nisikilize. Utakosea, tena vibaya. Mtoto asiyetoka jasho akizidiwa na joto anaweza kupoteza maisha. Daktari anahangaika kutafuta chanzo, wewe chanzo unakipiga mswaki kila asubuhi! Habari za watu hazikukai kifuani hata dakika, hii yako umeitunza miaka ishirini na sita? Na punda wa watu kabeba lawama bure.

Aibu naielewa. Lakini ugonjwa wa damu hukuuiba mahali, kosa lako ni kumbambikia mwenzio.

Mwambie mumeo leo. Atanuna, njaa ikimshika atarudi mezani. Binti naye ajue, huenda akazaa tena. Mtoto akae kivulini, anywe maji, mloweshee shati, na akichemka msingoje Alhamisi, mkimbizeni hospitali. Siku yenyewe uwe wa kwanza, toa hayo meno, fungua kinywa, na kwa mara moja maishani usiongee mpaka daktari amalize.

Halafu mwite yule bibi dukani, umwombe radhi mbele ya walewale waliocheka. Uongo uliutangaza bila kutumwa na mtu. Ukweli nao utangaze hivyohivyo.