Mama, Kulikuwa na Syombua Wawili

Mama,

Nakuandikia kukuarifu kwamba ule ubishi wetu umepata hukumu. Nadai ushindi, kama ulivyotarajia, ila haki inanilazimu nikumegee nusu yake. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujanikatiza, maana nakujua.

Kwanza habari za nyumbani. Mvua ilishuka vizuri hapa Nuu, ndengu zikazaa hata tukakosa magunia. Yule mbuzi wako mwekundu, mwenye kiburi, amezaa mapacha, na Baba anawasimulia wageni habari zake kana kwamba kazi hiyo aliifanya yeye. Nami nimehitimu. Uliondoka siku zikiwa zimekaribia kabisa, na jambo hilo bado linanichoma... lakini leo sikuja kulia. Nilirudi nyumbani na joho langu mwilini, mchana, jua likiwaka, nikasimama kando ya kaburi lako. Baba alipokuwa akinipiga picha alisema, "Kunjua uso, Kyalo. Unaonekana kama mtu anayebishana." Nilikuwa nikibishana kweli. Nilikuwa nikikueleza kwamba shahada ya takwimu si kazi ya kuhesabu mawe, kama ulivyozoea kuwaambia majirani.

Unakumbuka tulivyoanza? Ulikuwa umeketi kwenye kigoda, ungo mapajani, ukichagua ndengu. Nami, kijana niliyekuwa nimesoma vitabu vingi na kuvimeza vyote kwa pamoja, nikakuhutubia. Nilisema kwamba mahudhurio ya mwanafunzi, alama zake, umbali wa kwao, hata siku anazochelewa, vikikusanywa na kuchanganuliwa pamoja na vya maelfu ya wenzake, vitamwonyesha mtoto anayeanza kuteleza kabla jicho la mwalimu halijamwona. Ulinisikiliza mpaka mwisho. Kisha ukapuliza makapi na kuniuliza, "Baba, hiyo kompyuta yako itapiga hodi?"

Uliniita Baba kwa kuwa nina jina la baba yako. Uliniita hivyo hata uliponikemea, na sijawahi kukemewa kwa heshima kubwa kuliko hiyo.

Nilijua maana ya swali lako. Miaka yako yote ya ualimu, mtoto alipokosa shule, ulitwaa mwavuli wako baada ya masomo ukaenda kwao kwa miguu. Nikakujibu kwamba miguu yako ni miwili na watoto ni wengi, kwamba hesabu zangu zingekuonyesha mlango wa kuanzia. Ukauliza, "Na zikinionyesha mlango wa wenyewe, si wa mtoto ninayemtafuta?" Nikacheka, Mama. Nikasema haiwezekani. Sasa tulia, nikusimulie.

Nilipata kazi katika shule moja ya sekondari ya kutwa, upande wa Matiliku. Mkuu wa shule, ambaye sote tunamwita Madam, ni mwanamke mrefu anayesema kwa upole na kuamua kwa haraka. Alinipa muhula mmoja nijaribu mpango wangu. Nikaingiza katika kompyuta mahudhurio na alama za kila kidato, nikaifundisha programu kutambua dalili za mtoto anayeelekea kuacha shule.

Tuligombana kabla kazi haijaanza. Madam alitaka majina ya walio hatarini yabandikwe ubaoni ili waone haya wajirekebishe. Nilikataa. Nilimwambia kwamba wapo wanaosema takwimu hazina upande, nami sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu hesabu ile ile inayomwokoa mtoto gizani humwaibisha ikianikwa juani. Nikamwambia pia kwamba nilikuwa na mama mwalimu, na alama mbaya aliisema sikioni mwa mwenyewe. Madam akatabasamu. "Bwana Kyalo, ulipotea njia. Ungekuwa wakili." Ubao ukabaki na matangazo ya mpira.

Jina la kwanza ambalo programu ililitoa lilikuwa la Faith Syombua, wa Kidato cha Tatu. Ilionyesha kwamba anakosa shule mara kwa mara, hasa siku ya soko, na kwamba alama zake zinapanda na kushuka bila mpangilio. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilifurahi jinsi daktari kijana anavyofurahi kuuona ugonjwa aliousoma kitabuni. Madam akamwita mzazi.

Baba yake akaja siku ya soko, amefunga duka lake la misumari na mabati wakati wateja wanapokuwa wengi. Hakuficha hasira. Binti alisimama kando yake, sare safi, soksi zimevutwa hadi magotini. Madam alipolisoma tatizo, yule msichana alinigeukia mimi moja kwa moja.

"Mimi? Nimekosa shule lini, Mwalimu? Hata nikiugua malaria mimi huja."

"Na alama?" nikauliza, sauti yangu ikianza kupungua.

"Alama gani tena? Mimi ndiye namba moja Kemia!"

Mwalimu wa darasa lake, mkondo wa Mashariki, akaitwa, akathibitisha kila neno.  Kisha Madam akasema kwa ule upole wake, "Bwana Kyalo, mzazi amefunga duka bure. Kama kitu hiki hakiwajui watoto wetu, leo kitatoka hapa." Nikaiona kazi yangu ikikunjwa kama mkeka. Na jambo moja likanitia baridi zaidi ya hilo: zile siku zilizokosekana hazikuwa za kubuni. Kulikuwa na mtoto aliyezikosa. Kama kompyuta ingetolewa siku hiyo, nani angemtafuta?

Hapo ndipo yule mzee alipomwinamia binti yake na kumwuliza taratibu, "Mama, sema ukweli. Hakuna siku uliniambia unaenda shule ukaenda kwingine?"

Mama. Alimwita Mama.

Nilikusikia, nakuapia. Niliusikia ungo na ndengu zikiruka. Mwanamume anayemwita binti yake Mama amempa jina la mama yake mzazi. Na mama yake mzazi, kama mama wengi wa kwetu, huenda hakuzaa mwana mmoja.

"Mzee," nikasema, "samahani, una ndugu?"

Akanikazia macho. "Ninaye, mdogo wangu. Kwani naye amekosa shule?"

Madam alikuwa wa kwanza kucheka. Mzee akafuata, bila kujua bado anacheka nini, na hasira yake ikaishia hapo. Ndugu yake naye ana binti. Naye alimpa jina la mama yao. Naye alimbatiza Faith, kwa kuwa mwaka ule, alivyosema mzee, kila mtoto wa kanisa lao alikuwa Faith. Binamu hao wawili wako Kidato cha Tatu, mmoja mkondo wa Mashariki na mwingine wa Magharibi. Walimu huandika majina mawili tu kwenye mahudhurio. Na programu yangu, niliyoijenga kwa mantiki safi ya vitabu, ilikuwa imewaunganisha wasichana wawili kuwa mmoja. Mimi, Mama! Mimi niliyeitwa Baba tangu utotoni kwa ajili ya desturi hiyo hiyo, nilisahau kuiambia mashine kwamba kwetu jina ni la ukoo kabla halijawa la mtu.

Jioni hiyo nilipiga hodi mwenyewe. Nilikwenda kwa miguu, Madam mbele yangu na viatu vyake mkononi, mzee wa duka nyuma yetu. Syombua wa Magharibi alikuwa uani akipepeta mbaazi za kuuza. Baba yake huendesha lori, hurudi mara chache. Mama yake alikuwa amevimba mguu, hawezi kutembea hadi sokoni, kwa hiyo msichana alikuwa amekuwa mchuuzi, kwanza siku ya soko, halafu siku nyinginezo kidogo kidogo.

"Shemeji, mbona hukuniambia?" mzee akamwuliza.

"Nikwambie nini, nawe una wako?"

"Wangu na wako wana jina moja, hata kompyuta imeshindwa kuwatenganisha. Hicho kibanda chako cha sokoni kinahamia mbele ya duka langu. Mke wangu atauza, nawe utapumzisha huo mguu."

Msichana aliuacha ungo. "Kwa hiyo nirudi shule lini?"

"Ungekuwa umesharudi," Madam akasema, "kama Bwana Kyalo angejua kutofautisha watu."

Hiyo ndiyo hukumu, Mama. Mashine iliona shida ya kweli, mapema kuliko sisi sote, hapo nimeshinda. Ikatupeleka kwenye mlango wa wenyewe, kama ulivyosema, hapo umeshinda. Ni miguu iliyomrudisha mtoto, lakini ni hesabu iliyoiamsha miguu. Natambua unatikisa kichwa. Tikisa tu, sibadilishi.

Madam aliiacha kompyuta ibaki. Sasa kila mwanafunzi anatambuliwa kwa nambari yake ya usajili, na majina yakifanana programu husimama na kuuliza. Shule jirani zimeanza kutuita tuzisaidie, na mwalimu mmoja wa upande wa Mwingi alinipigia simu akisema, kwa masikitiko, kwamba ana akina Mutua ambao hata yeye hawamalizi. Syombua wa Magharibi hajakosa shule tangu jioni ile. Muhula uliopita alimpita binamu yake katika Kemia, na wa Mashariki akaja ofisini kwangu mbio: "Mwalimu, una hakika haijatuchanganya tena?"

Nimekuwekea habari moja ya mwisho. Kaka yangu Mutinda amepata binti. Hakuna aliyeuliza ataitwa nani. Ni Mbithe, Mama. Ni wewe. Ana paji lako la uso, na akinyimwa anachotaka hukunja ngumi na kutoa hoja ndefu. Baba humpakata na kumwita "mke wangu", na Mutinda humwita Mama, nami humwita Mama, naye hutugeukia sote kana kwamba tumechelewa kumsalimu.

Nami nikijaliwa binti, atakuwa Mbithe pia. Watakuwa wawili, ukoo mmoja, pengine darasa moja, na kuna mashine fulani itakayotaabika. Naahidi kwamba shuleni nitawatenganisha bila kosa, na kwamba yeyote kati yao akikosa darasa, au mtoto wa mtu yeyote akikosa, nitauchukua mwavuli wako niende. Lakini hapa nyumbani, nikiita jina lako na wakaitika wote wawili, sitarekebisha chochote.

Pumzika, Mama. Nusu yako ya ushindi ninaitunza.

Mwanao, ambaye pia ni baba yako,
Kyalo