Njoo Uikashifu Mashua

Ng'ambo, Tabora
Ijumaa baada ya sala, 1975

Kwako mtani wangu Omari, Mzaramo uliyeacha kazi ya reli ukarudi Kisarawe kunenepa kwa nazi,

Nakuletea salamu nyingi kuliko fito za nyumba yako, ambayo najua inavuja. U mzima? Miguu yako bado inakubeba, au siku hizi wabebwa kwa tenga kama kuku wa mnadani? Na mama watoto, bado anakuvumilia? Mimi mzima. Meno yapo, mgongo umenyooka, na vijana wa hapa wakinisalimu shikamoo wanaisema kwa adabu.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, usicheke. Nimeingia kisomo cha watu wazima pale Kanyenye, na mwalimu alisema hajapata kuona mzee mwenye kichwa chepesi kama changu. Alisema pia kwamba sisikii la mtu, lakini hilo halihusu kusoma.

Mtani, mke wangu Mwanajuma ametutoka. Nimeliandika upesi kabla mkono haujakataa. Aliugua kifua, hakukaa sana. Watu walijaa mpaka barabarani, wakamsitiri vizuri, lakini maziko yalikuwa ya kimya mno. Hakuna aliyeingia kaburini akasema hatoki mpaka alipwe. Hakuna aliyeniigiza ninavyolia. Nilikutafuta kwa macho, na huku najua uko mbali. Basi nakuita kwenye arobaini yake, na usije mikono mitupu kama kawaida yako, uje na macho. Kuna kazi nataka kukupa, na hapa mjini hakuna wa kuifanya. Kazi yenyewe ni ile mashua.

Unaikumbuka. Mwaka wa uhuru wewe ndiye uliyeipakia Kigoma kwenye behewa la wazi, ukaishusha stesheni hapa ukatangaza mbele ya watu kwamba ni mali yako, maana Mnyamwezi na mashua ni kama mbuzi na miwani. Nilimnunulia mwanangu Abasi, akavulie bwawa la Igombe. Akavua kweli, mpaka alipokwenda kujenga reli ya Zambia. Siku anaondoka alimwambia mama yake amtunzie mashua yake, asije akaikuta imechakaa. Mpaka leo hajarudi, wala barua hakuna. Wenzake waliorudi, mmoja anasema alivuka kwenda migodini, mwingine anasema hamjui mtu huyo.

Mashua ikabaki ukingoni mwa bwawa ikaliwa na jua. Rangi ile ya kijani ikapauka ikawa kama goti la mtoto asiyepakwa mafuta, ukipitisha kidole kinatoka na unga. Mwanajuma alipoiona alilia. Akasema mwenye chombo akikikuta hivi atajua tulishamkatia tamaa. Nikaivuta kwa mkokoteni wa ng'ombe mpaka uani kwangu, mbele ya baraza. Ng'ambo nzima ilinicheka, wakaniuliza bahari inafika kwa treni ya saa ngapi.

Wacha wacheke. Meza za mahakama zimeng'aa kwa mkono wa nani? Kitanda cha harusi cha kila tajiri wa Tabora kilipigwa polishi na nani? Niliiosha kwa maji ya majivu, nikausugua ubavu wote kwa majani ya msasa, siyo ile karatasi ya dukani inayokwaruza kama paka. Ule unga ukatoka wote, na chini yake rangi ilikuwepo, haikufa, ilikuwa imefunikwa tu. Nikayeyusha nta ya nyuki wa Ugalla na tapentaini kidogo, nikapaka nyembamba, maana nta nyingi ni uchafu, nikaisugua kwa kipande cha blanketi mpaka nikaona ndevu zangu ubavuni mwake. Tangu hapo kila Ijumaa nilirudia, maana jua halina likizo. Na kila Ijumaa nikimaliza nilimwuliza Mwanajuma pale barazani, inaonekanaje? Alikuwa na mtoto wa jicho, lakini mwanga alikuwa anauona. Husema leo imezidi juma lililopita. Au husema Abasi akitokea pale kona ataiona kabla hajatuona sisi. Nikisikia hivyo mgongo hauumi tena.

Akaja Mahona, mwenyekiti wa kijiji cha ujamaa kule bwawani. Akasema mashua haisuguliwi kama sinia la bibi harusi, mashua inavua, na kijiji chake kina watu na nyavu lakini chombo hawana. Nilimwambia ina mwenyewe. Akaja tena, nikamwaga maji ya majivu karibu na viatu vyake. Mwanajuma alinigombeza siku hiyo mpaka nikahama baraza.

Sasa sikiliza lililonivunja. Baada ya maziko, shemeji yangu Zamda, ndiye aliyekuwa akimwuguza dada yake, aliniona nimebeba kopo la nta Ijumaa ilipofika. Akakaa chini akalia. Akaniambia, shemeji, dada alikuwa haoni. Tangu masika ya mwaka juzi haoni hata taa ikiletwa usoni. Alikuwa akisikia harufu ya nta na pumzi zako, anajua umemaliza, anakusifu. Alimwapisha Zamda asiseme, kwamba mzee huyu akiacha kusugua atakaa amfikirie mtoto, na akikaa amfikirie mtoto atakufa.

Nilikataa. Nikamwita Zamda mwongo. Kisha nikakumbuka Ijumaa moja nilikuwa nimekwishaifunika mashua kwa magunia, mvua ilitaka kunyesha, ndipo nikamwuliza. Akasema leo inawaka, Baba Abasi. Nilidhani ananitania, nikanuna.

Zamda amenipa na wasia wa marehemu. Amesema chombo kiende majini kwa Mahona, Abasi akirudi atakikuta hukohuko anakokijua. Mimi ningekataa, unanijua, lakini kumkatalia maiti siwezi. Mahona atakuja na mkokoteni kesho yake baada ya arobaini.

Kabla hajaja nataka wewe uiangalie. Hapa nimewauliza watu wote, imamu, majirani, hata Mahona mwenyewe. Wote wanasema inang'aa, mzee Nassibu, inang'aa sana. Wanasema taratibu, kama alivyokuwa akisema yeye. Mimi nikiitazama machozi yananijaa, sijui naona mng'ao wa nta au wa machozi. Wewe tangu ujana hujanihurumia hata siku moja. Simama pale barazani alipokuwa akikaa, utazame, kisha unitukane mbele ya watu. Kama imepauka useme imepauka, bado nitakuwa na siku moja ya kuisugua. Na kama inang'aa, mtani wangu, hilo nitaliamini likitoka kwako tu.

Wasalimie wa nyumbani, wakubwa kwa wadogo. Zamda anakusalimu, anasema chumba chako kimefagiliwa. Njoo na kanzu safi, usituaibishe msibani.

Ni mimi mtani wako, fundi asiye na mfano toka Kigoma mpaka kwenu pwani,

Nassibu