Majivu Kwenye Beseni Langu

Jumapili jioni. Tukuyu ni mvua ile ile, ukungu umeshuka mpaka mlangoni, na nguo nilizoacha kambani kabla ya safari bado mbichi. Moyo wangu nao hivyo hivyo.

Mimea yangu imekufa.

Najua wengine mtacheka. Mwalimu mzima wa biolojia, mama wa watoto, analilia majani ya kwenye beseni. Chekeni tu, ila niacheni niseme yalikuwa majani gani.

Chini ya shamba la wakwe zangu palikuwa na kipande cha msitu kisichokauka. Maji hayakutiririka pale kama kijito, yalivuja tu polepole kutoka kilimani, mwaka mzima. Mizambarau mwitu ilisimama kwenye tope, chini yake makangaga, na chini ya makangaga kuvumwani nene, ukiikanyaga inatoa maji kama sponji. Penye upenyo wa jua kulikuwa na mimea midogo myekundu, yenye matone ya kunata, inayonasa wadudu na kuwala. Udongo wa pale ni mchachu na hauna rutuba, ndiyo maana inajitafutia chakula hivyo. Mimi mtoto wa Singida, niliyekulia kwenye vumbi, nilipopaona mara ya kwanza nilivua viatu.

Shemeji yangu Lusajo amechimba mitaro, maji yote yameondoka. Anataka kupanda parachichi. Nilipomwomba abakize japo kona, aliniuliza kwa upole tu, "Shemeji, kwani mle mna nini zaidi ya mbu?" Nikaanza kutaja, nikaona majina ninayoyajua ni ya vitabuni, kwake hayana maana. Ana watoto wa kusomesha, simlaumu.

Au namlaumu, sijui.

Basi nikachota nilichoweza, nikajaza beseni la kufulia, nikaliweka barazani hapa Makandana. Nilimwagilia maji ya mvua peke yake. Watoto niliwakataza kutia hata chembe ya mbolea, maana mimea hii ukiishibisha umeiua. Ikaanza kushika. Siku moja jani jekundu lilijikunja juu ya inzi, nikamwita mume wangu, naye akaja na kikombe chake cha chai akatazama kwa heshima zote.

Mama mkwe sikumwambia kitu. Alikuja wiki hii kutibiwa macho, akafikia kwetu, na mimi Jumatano nikaondoka kwenda semina Mbeya. Ni mtu asiyeweza kukaa bure. Leo nimerudi nimekuta beseni limejaa majivu ya jikoni, yamelowa na kuganda kama uji. Kuvumwani imekuwa nyeusi. Ile myekundu imenyauka yote.

"Mama Gwamaka, majani yako yalikonda fijo, yalikonda sana," aliniambia huku anatabasamu. "Nimeyatilia majivu kila asubuhi, yapate nguvu."

Kwake majivu ni dawa. Ndivyo alivyokuza magimbi na maharage yaliyomsomesha mume wangu. Majivu huua uchachu wa udongo, na mimea ile iliishi kwa uchachu huo. Wanafunzi wangu ningewaeleza hilo ubaoni bila shida. Yeye nitamwelezaje?

Nikampigia Lusajo, pengine kuna kona iliyosalimika. Akasema wamechoma yote Alhamisi, sasa wanachimba mashimo ya miche.

Nimeingia bafuni, nikafungua bomba ili wasinisikie.

Nilipotoka, mama alikuwa ameinama barazani, anayapapasa majani kwa vidole kwa sababu macho hayamwoneshi vizuri. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, yamelala tu, kesho atayaongezea.

"Ndaga fijo, mama," nikamshukuru kwa Kinyakyusa chake.

Kisha nikaenda jikoni kumkusanyia majivu ya kesho.