Mitungi Minane ya Mama Hoeryong

Bonde la Mierebi,
Eneo la Kando, ng'ambo ya Mto Tumen.
19 Desemba 1919

Mpendwa mwanangu In-ho,

Ukisikia huko Hawaii kwamba vita vya uhuru wa Korea bado vinaendelea, ujue vinaendelea kwa sababu ya baba yako mdogo.

Kwanza kagua bahasha. Nimeibandika kwa uji wa mchele, na ndani ya ubandiko nimelaza unywele wangu mmoja mweupe. Kama haupo, basi yule mchuuzi wa sindano niliyemkabidhi si mtu mwema. Hata macho yake sikuyapenda.

Hujambo lakini? Mgongo unaonaje na hiyo miwa ya watu? Sisi wazima. Mama yako kikohozi kimemwachia. Baridi ya huku usiulize: juzi nilitema mate, yakaniangukia mguuni kama kokoto, nikachechemea hadi jioni.

Sasa sikia. Desturi unaijua: msimu wa kuchachusha kabichi ya kimchi hakuna mwanamke anayetia kabichi chumvi peke yake. Leo wote kwangu, kesho wote kwako, mpaka mitungi ya kijiji kizima imefukiwa. Mwaka huu Mama Hoeryong, mjane wa nyumba ya pili, alikataa mikono ya watu. Akajifungia uani siku mbili, akafukia mitungi minane. Minane, kwa mdomo mmoja! Hata mimi, niliyewahi kumla ng'ombe nikabakiza kwato, minane siiwezi.

Nikasema moyoni, huyu analisha Wajapani walioiteka nchi yetu. Nikamchunguza kwenye ufa wa ua wiki mbili. Alikuwa anachota mtungi wa mlangoni tu, ile saba haigusi. Basi nikapanda mlimani kwa Kamanda Pyo wa jeshi letu la uhuru, kijana aliyekuwa mwalimu wa hesabu, nikamwambia amwadhibu yule msaliti kabla hajatuuza.

Pyo akaniuliza nani mwingine anajua. Nikamjibu kilabuni wote wanajua, mimi si mtu wa kuficha hatari. Akavua kofia, akakaa chini kwenye theluji.

"Mzee Maeng," akasema, "mle juu ni kabichi, chini ni risasi zetu. Yule mama ndiye ghala letu. Na pale kilabuni polisi wa Kijapani wana masikio yao. Akinyongwa, kamba ni ulimi wako."

Niliteremka mbio, hata chui mmoja nilimpita njiani. Nikamweleza Mama Hoeryong kila kitu. Hakulia. Alinitazama kama mtu anavyomtazama panya aliyemkuta kwenye mchele. Kukimbia hawezi, theluji inatunza nyayo; na mashimo manane katika ardhi iliyoganda utayaficha wapi? Akafikiri kidogo, akasema bibi harusi hula karamu na kuhama na mali yake, hilo hakuna polisi wa kulishangaa.

Bibi harusi wa nani, nikauliza. Akaniambia nikaoge.

Asubuhi yake tukafunga ndoa. Vijana wa Pyo wakaja kama wapagazi wa harusi, wakazitoa risasi, wakazifunga ndani ya magodoro ya bibi harusi, wakapita nayo mbele ya nyumba yangu, wakapotelea msituni. Kijiji kikakaa kula kabichi. Mitungi saba ikaoshwa, ikaja kwangu na kufudikizwa uani, na wa nane nao ukaja na kimchi yake.

Mchana polisi wakafika, kama Pyo alivyohofia. Sajini akauliza mitungi saba ya kimchi inaliwaje siku moja.

"Afande," akasema Mama Hoeryong, "bwana harusi umemwona?"

Sajini akalitazama tumbo langu kwa muda mrefu sana. Akautumbukiza upanga katika ule mtungi wa nane mpaka chini, akaunusa, wakaondoka. Lakini sikuamini kuondoka kwao. Tangu siku ile mwenye kilabu ananijazia kikombe kabla sijaomba. Kwa nini? Sasa nakunywa nyumbani, kimya, na mke wangu ananihesabia maneno.

Wasalimie binamu zako Yong-su na Kwi-dong, na yule mzee Ha mliyepanda naye meli. Mama yako anasema vaa soksi, hata kama huko hakuna baridi. Mababu wakutangulie kila unapoweka mguu, na urudi uikute nchi ikiwa yetu. Barua hii ichome.

Limebaki moja, nalo lisome peke yako. Mama Hoeryong anasema mtungi wa tatu ulipofunguliwa kabichi ilikuwa nusu. Anamshuku kijana mmoja wa Pyo, nami nimemwambia kweli, askari hawaaminiki. Mwanangu, ni mimi. Niliiba tangu wiki ya kwanza. Mkono ulipofika chini ukagusa vitu vigumu ndani ya karatasi ya mafuta, nikadhani ni figili, nikaenda kilabuni kulalamika kwamba yule mama hajui kuchachusha figili.

Wako akupendaye, baba yako mdogo,
Maeng Dok-bo