Pweza Bila Tone la Maji

Wifi Mwanaidi,

Pole na zamu za kazi za wikendi huko kwetu Thamesmead. Huku kwenye kisiwa cha Ugiriki watoto na marafiki wameshiba jua, mimi nimeshiba ushindi. Miaka ishirini unanibishia kwamba pweza haivi bila kutiwa maji. Nilikusomea hata vitabu, ukavicheka, na kaka yako Salim, mume wangu huyu, akakuunga mkono.

Jana bibi mwenye mgahawa alituingiza jikoni kwake. Akamtia pweza sufuriani, akafunika. Kwa haki nikakutetea: nikamwonyesha jagi la maji. Alinipokonya, akamwagilia mrehani wake dirishani! Baada ya saa moja pweza alikuwa laini, kazama katika mchuzi wake mwenyewe. Salim alimaliza sahani tatu, kisha akaninong'oneza, "Mama Asha, dada asijue."

"Atajua, tena kwa maandishi," nikamwambia.

Nakiri moja tu: bila achari yako ya ndimu, ushindi ulipwaya mdomoni. Jumapili, tukisharudi, nakuja kwako na pweza. Wewe andaa achari, na ole wako nikikuta birika karibu na sufuria.

Mungu akutunze, mbishi wangu.

Wifi yako, Rukia